UPINDE HAUCHONGWI KWA HARAKA



Tangu baada ya Idd ndogo wazazi wengi wamekuwa wakinisimamisha njiani na kuniuliza, "Maalimu, tumesikia siku hizi unachonga pinde. Kulikoni?" Wengine wanauliza huku wakicheka, na wengine wanauliza kwa hofu. Wote wana haki ya kuuliza, kwa sababu watoto wao ndio ninaowafundisha. Nimeona ni bora niandike, ili jibu liwe moja kwa wote na asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, na umri wangu umepita miaka arobaini. Mikono yangu imezoea chaki na msahafu, haikuzoea shoka. Aliyeniingiza katika kazi hii ni mwanangu mwenyewe, mvulana wa miaka 15. Tangu babu yake, yaani baba yangu mzazi, afariki, kijana huyu alikuwa amepungua maneno. Akiulizwa hujibu, na asipoulizwa hukaa kimya. Shule anakwenda, swala anaswali, chakula anakula, lakini mzungumzaji wake alikuwa amekwenda. Wazazi wenye vijana wa umri huo wanajua ninachosema.

Siku moja mama yake akaniambia kuwa mtoto anashinda nyuma ya nyumba akikata fito na kuzifunga kamba. Nilipokwenda kutazama nikakuta pinde nne zilizovunjika, zimepangwa vizuri ukutani, na ya tano iko mkononi. Nikamuuliza kwa nini anazihifadhi zilizovunjika. Akasema, "Nataka kujua kwa nini zote zinavunjika mahali pamoja." Swali hilo lilinifurahisha, maana ni swali la mwanafunzi. Lakini jibu lake sikuwa nalo. Nikamchukua mpaka kwa mzee mmoja, jirani yetu na rafiki wa marehemu baba yangu, ambaye ujana wake aliishi milimani na alijulikana kwa kuchonga umuheto, kama Warundi wanavyouita upinde.

UPINDE NA DINI YETU

Kabla sijafika kwa mzee, niseme kidogo juu ya hofu ya kwanza, ya wale wanaodhani kwamba maalimu ameacha kazi yake na kuingia katika michezo.

Ndugu wasomaji, kurusha mishale si jambo geni katika Uislamu. Tumepokea katika Sahihi ya Muslim, kwa njia ya Uqba bin Amir (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) aliifasiri nguvu iliyotajwa katika Suratul Anfal, aya ya 60, kuwa ni kurusha. Sahaba huyo huyo alipokuwa mtu mzima alionekana akienda na kurudi kati ya shabaha mbili, akaambiwa kwamba kazi hiyo inamchosha kwa umri wake. Akajibu kuwa alikwisha kumsikia Mtume (s.a.w.) akimkemea vikali mtu aliyejifunza kurusha kisha akaacha. Na katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya watu wa kabila la Aslam waliokuwa wakishindana, Mtume (s.a.w.) akawapitia, akawatia moyo kwa kuwakumbusha kuwa baba yao Ismail (a.s.) alikuwa mrushaji. Alipojitia upande mmoja, upande wa pili ukasita, ndipo akawaambia waendelee na kwamba yeye yuko pamoja nao wote.

Wapo waliozijua zaidi habari hizi za kurusha. Katika karne ya 14, zama za Mamluki, Taybugha al-Baklamishi aliandika kitabu kizima cha elimu ya mishale, na Ibnul Qayyim naye ana kitabu chake cha Al-Furusiyya. Pinde walizozisifu wengi wao zilikuwa za kuunganisha, pembe upande wa ndani, mshipa wa mnyama upande wa nje, na mbao katikati. Zetu za huku ni za mti mmoja mtupu. Hata hivyo kanuni ya kuzisawazisha ni ile ile, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

MTI ULIOKUWA JUU YA MOSHI

Mzee wetu ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, lakini uso wa mtu haupati mpaka asikie sauti. Alikuwa hajachonga upinde kwa miaka mingi, na wanawe wamehamia mjini, hakuna aliyejifunza. Tulipomweleza haja yetu alinyamaza kidogo, kisha akamtuma mjukuu wake jikoni alete "zile mbili".

Zikaletwa pande mbili za mti wa mkole, nyeusi kwa masizi, ndefu kuliko mimi. Alikuwa ameukata mti huo mpakani mwa shamba lake mwenyewe, si katika hifadhi, akaupasua katikati kwa kabari na kuzitundika pande zake juu ya meko. Moshi unazuia wadudu wanaotoboa mbao, na joto dogo la kila siku linakausha polepole. Ncha zote mbili alikuwa amezipaka nta, kwa sababu maji ya mti hutoka kwa haraka zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, na mahali panapokauka haraka ndipo panapopasuka. Hapa kwetu kando ya ziwa hewa ina unyevu, kwa hiyo mti unaotosha miezi michache kwingine, hapa unataka zaidi. Mti mbichi ukipindwa haurudi. Mti uliokauka mno nao unakatika kama biskuti.

Akasema, "Mmoja nitauchonga mimi ili mwone. Wa pili ni wa kijana. Hakuna wa tatu."

Basi pale pale tukajua kuwa jambo hili si la mchezo. Mti wa tatu ungehitaji kukatwa upya na kusubiriwa, na macho ya mzee yasingetusubiri.

MGONGO NA TUMBO

Somo la kwanza lilikuwa ni kuujua upinde kama mtu anavyoujua mwili. Upande unaotazama shabaha unaitwa mgongo, na upande unaomtazama mwenye kuvuta ni tumbo. Ukivuta, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Katikati hapavutwi wala hapabanwi sana.

Kwa sababu mgongo unavutwa, nyuzi za mti upande huo zisikatwe hata kidogo. Mzee alitoa gome kwa ncha ya kisu, taratibu, akauacha uso ule wa chini ya gome kama Mwenyezi Mungu alivyouumba. Huo ndio mgongo, na hauguswi tena kwa shoka wala tupa. Uzi ukikatwa pale, utainuka kama kibanzi siku upinde utakapovutwa, na kibanzi kile ndicho mwanzo wa kuvunjika. Kazi yote ya kuchonga inafanyika upande wa tumbo na ubavuni.

Mwanangu akaenda mbio nyumbani, akarudi na zile pinde zake tano. Mzee akazipapasa moja moja, akacheka. Zote zilikuwa zimechongwa upande wa mgongo, karibu na mahali pa kushikia, ili mkono ukae vizuri. Hapo ndipo zilipokatika. Swali lililomsumbua mtoto kwa wiki tatu likajibiwa kwa kidole gumba.

Kisha tukapima. Upinde wa kijana wa kimo chake, anayevuta mshale kiasi cha sentimita 65, tuliukata urefu wa sentimita 165. Ukiwa mfupi mno unalazimika kujikunja sana na unachoka haraka. Tukavuta uzi uliopakwa mkaa kutoka ncha hadi ncha ili kupata mstari wa katikati. Mahali pa kushikia tukaacha pana na pene, kiasi cha sentimita 10. Kutoka hapo kila mkono wa upinde ukaanza na upana wa sentimita 4, ukipungua kidogo kidogo mpaka kufikia zaidi kidogo ya sentimita 1 kwenye ncha. Kwa shoka tukaondoa kilicho kingi, na baadaye kwa tupa ya mbao.

Hapo ndugu yangu ukiutazama unaona ni upinde kamili. Lakini bado ni fimbo tu.

KUSAWAZISHA

Kazi yenyewe inaanza hapa, na wengi hapa ndipo wanapovunja. Upinde una mikono miwili, wa juu na wa chini, na yote miwili inatakiwa ipinde kwa pamoja, katika mkunjo mmoja laini, bila mahali palipokaza wala mahali palipolegea. Palipokaza hapafanyi kazi, na mzigo wake unabebwa na jirani yake. Palipolegea hujikunja kama kiwiko, tumbo pale hubanwa mpaka nyuzi zikunjamane, na siku moja panakatika.

Kwanza tulifanya kwa sakafu. Unasimamisha ncha moja chini, unashika katikati, unaegemea kidogo kwa uzito wa mwili na kutazama mkono ule unavyopinda. Unageuza, unafanya na mwingine. Mpaka hapo hakuna kamba.

Baada ya siku mbili mzee akatutaka tupigilie ubao kwenye shina la mwembe uani kwake, wenye tundu la kukalia katikati ya upinde. Ukutani nyuma yake tukachora mistari ya mkaa iliyolala, kila sentimita 5, ili macho yapate cha kulinganishia. Tukafunga kamba ndefu ncha kwa ncha, tukaipitisha kamba nyingine kwenye kapi chini, na tukatundika mizani ya ndoano kama ile ya wauza samaki. Mwenye kuvuta anasimama mbali, kwa sababu upinde ukikatika vipande huruka. Ukivuta unaona mikono yote miwili inavyoshuka, na mizani inakuambia umetumia kilo ngapi.

Kanuni aliyotupa mzee ni fupi: pasipopinda, weka alama ya chaki, kisha paruza pale tu. Panapopinda zaidi, usipaguse. Kuparuza kunafanywa kwa kipande cha kioo kilichovunjika, kinachotoa unga na nyuzi nyembamba kama nywele, wala si kwa tupa tena. Baada ya kuparuza mara chache, unavuta upinde kidogo na kuulegeza mara ishirini au thelathini, ndipo utazame. Mti hauonyeshi mara moja ulichouondolea. Ukiparuza, ukatazama papo hapo, ukaona hakuna mabadiliko, ukaparuza tena, utakapokuja kujionyesha utakuwa umekwisha kuchukua mno.

Mwanangu aliuliza kwa nini kuwe na woga mkubwa hivyo kwa vumbi dogo. Nikamwambia tufanye hesabu, kwani hili la hesabu naliweza. Ukipunguza upana wa mbao kwa nusu, ugumu wake unapungua kwa nusu. Lakini ukipunguza unene kwa nusu, ugumu unaobaki ni sehemu moja katika nane. Maana yake, mahali penye unene wa milimita 10, ukiondoa milimita 1 tu, zaidi ya robo ya ugumu wa pale imekwenda. Mtoto alitazama kile kioo mkononi mwake kwa heshima mpya.

Jambo jingine ni kwamba mikono hii miwili haitakiwi kuwa sawasawa kabisa. Mtu anashika chini kidogo ya katikati, na mshale unapita juu ya ngumi yake, kwa hiyo mkono wa chini unabeba mzigo zaidi. Mafundi huuacha wa chini uwe mgumu kwa kiasi kidogo. Sisi tulipima nafasi iliyopo kati ya kamba na tumbo la upinde kwenye mwanzo wa kila mkono, tukaacha ya juu izidi ya chini kwa milimita 4. Ndipo ukivuta, yote miwili inafika pamoja.

Mzee hakuyaona haya yote. Alikuwa akiutoa upinde mtini, anaulaza mapajani na kuupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, kutoka katikati mpaka nchani, polepole. Akifika mahali anasema, "Hapa." Tukipima kwa rula tunakuta kweli, pamezidi kwa unene usiofika ukucha. Kisha akaanza kumshika mwanangu vidole na kuvipitisha naye, bila maneno. Mimi nilizoea kuona mtoto akikosea herufi namsahihisha papo hapo, na mara mbili tatu nilitaka kusema. Mzee akainua kiganja, akaniambia, "Maalimu, mwache asikie mwenyewe. Kidole hakifundishwi kwa mdomo."

NGUVU AU USAWA

Vijana mnajua walivyo. Mwanangu alikuwa amewatangazia wenzake kwamba upinde wake utavutwa kwa kilo 25. Wiki ya tatu, tulipofikisha mvuto wa sentimita 50, mizani ilisoma kilo 20. Kwa mwendo ule kilo 25 zingepatikana. Lakini kwenye mkono wa juu, kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka nchani, kulikuwa na kifundo kidogo cha tawi la zamani, na ubavuni mwa kifundo kile mti ulianza kujikunja kuliko kwingine kote.

Mzee akapapasa pale kwa muda mrefu. Akasema, "Mjukuu wangu, mbao hairudishwi. Hapa palipo dhaifu hatuna cha kuongeza. Tunachoweza ni kupunguza kwingine kote, huku na mkono wa pili, mpaka pote pafanane na hapa. Utapata upinde mwepesi. Au uendelee kuvuta ulivyo, labda utafika kilo 25, labda utakatika leo, labda mwaka ujao usoni mwako. Mti ni wako. Nenda ukafikiri."

Nilitaka kumwamulia. Kwa baba jibu lilikuwa wazi. Lakini mzee alikwisha kusema mti ni wake, nami nikanyamaza. Kijana akaondoka bila kuaga, akakaa siku mbili haendi kwa mzee. Nyumbani alikuwa akiutazama upinde uliotundikwa juu ya mlango, anaushusha, anapitisha vidole kwenye kifundo, anaurudisha.

Siku ya tatu, baada ya Alasiri, nilimkuta uani kwa mzee amekaa kwenye mkeka, kioo mkononi, anaparuza mkono wa chini. Nikamsikia anasema, "Babu, nataka upinde wa kutumia, sio wa kuhadithia." Mzee hakumsifu, akasema tu, "Kidogo kidogo," na kazi ikaendelea.

Kazi ile ya kupunguza ilichukua siku nane. Na ndugu wasomaji, ni katika siku hizo nane nilimsikia mwanangu akizungumza tena. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, mdomo unafunguka. Alimuuliza mzee juu ya babu yake: alikuwa kijana wa namna gani, walikutana wapi, kweli aliwahi kuzama ziwani? Mzee akasimulia. Mimi nilikaa pembeni na kitabu nikijifanya nasoma, nikasikia habari za baba yangu ambazo sikuwahi kuzisikia. Mtoto alicheka. Siku moja alilia pia, huku anaparuza, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Upinde ulipokamilika ulivutwa mpaka sentimita 65 kwa kilo 16. Tuliupaka mafuta ya ng'ombe ili unyevu usiingie. Kamba tuliisokota kwa nyuzi za kushonea nyavu, nyuzi kadhaa pamoja. Upinde ukifungwa kamba, nafasi kati ya kamba na mahali pa kushikia iwe kiasi cha ngumi moja na dole gumba lililosimama. Hicho ni kipimo cha zamani na rula inakikubali, karibu sentimita 15. Mkunjo wake ulikuwa laini toka mwanzo hadi mwisho, na kifundo kile kipo, hakisumbui.

HOFU YA WAZAZI

Habari zilipoenea, wanafunzi wengine wa madrasa wakataka nao wajifunze. Hapo ndipo kamati ya wazazi ikaniita, na nawashukuru kwa kuniita badala ya kunisema pembeni.

Mama mmoja alisema maneno ambayo siwezi kuyasahau. "Maalimu, sisi vita vilivyoanza mwaka 1993 tumeviona kwa macho. Silaha, hata ya mchezo, inatutia baridi. Na wewe unajua watu wanavyotutazama. Mtoto wa madrasa akionekana barabarani na upinde, kesho itasemwa nini?" Baba mwingine akauliza kuhusu macho ya watoto, kwamba mshale hauna rafiki.

Hofu hizi si za kupuuzwa. Mtume (s.a.w.) aliyehimiza kurusha ndiye pia aliyeamrisha kuwa mwenye kupita msikitini na mishale aishike penye ncha asije akamjeruhi Muislamu, na ndiye aliyekataza kufanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Elimu ya mshale katika dini yetu imekuja pamoja na adabu zake, na anayechukua moja akaacha nyingine hakuchukua kitu.

Kwa hiyo tulikubaliana, na imekuwa hivi mpaka leo. Uwanja wa madrasa ni wa Qur'ani na masomo, hakuna upinde utakaoingia hapo. Anayetaka kujifunza anakwenda uani kwa mzee, pamoja na mzazi wake, mzazi asipokuwepo mtoto anarudi nyumbani. Mkuu wa mtaa ameelezwa na amekuja mwenyewe kutazama. Pinde hazibebwi barabarani zikiwa na kamba. Na hakuna kuwinda.

Yule mama aliyezungumza bado hajamruhusu mwanawe, na sijamshawishi. Ni haki yake, na sababu zake anazijua kuliko mimi.

KWA MZAZI ANAYETAKA KUJARIBU

Kwa mzazi atakayeona kuna faida, haya ndiyo ya kuzingatia.

Kwanza, mtoto wa miaka minane hadi kumi anatosha upinde wa urefu wa sentimita 120 hivi, unaovutwa kwa kilo 5 au 6. Mzito zaidi utamfundisha kuvuta vibaya.

Pili, upinde usiachiliwe kamwe bila mshale. Nguvu ambayo ingekwenda na mshale inarudi ndani ya mti, na mti mzuri unaweza kupasuka kwa mara moja.

Tatu, ukimaliza toa kamba. Upinde uliolala na kamba usiku kucha unajifunza kukaa umepinda, na nguvu inapungua. Usiuegemeze ukutani juani, utundike kwenye kivuli.

Nne, shabaha iwe gunia lililojazwa majani makavu, na nyuma yake pawe na kichuguu au ukuta wa udongo. Wote wasimame katika mstari mmoja, na asivuke mtu mpaka mishale yote imerushwa na mkubwa ametoa ruhusa.

Tano, kabla ya kila mara kutumia, pitisha vidole mgongoni na tumboni. Kibanzi kilichoinuka au ufa mdogo, upinde huo usivutwe tena.

La mwisho ni la mzazi zaidi kuliko la mtoto. Usimchongee. Kaa naye, mshikie mti, mletee kioo, mfanyie hesabu akikuomba. Lakini kuparuza aparuze yeye.

Imepokelewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kwamba kwa mshale mmoja Mwenyezi Mungu huwaingiza watu watatu peponi, na wa kwanza kutajwa ni aliyeutengeneza akitaraji kheri. Wanavyuoni wamezungumza juu ya daraja ya isnadi yake, lakini maana yake inanikumbusha mzee wetu. Sasa anasubiri zamu yake ya kupasuliwa macho, na sisi majirani tunachangishana nauli na gharama. Upinde alioanza kuuchonga yeye ili atuonyeshe bado haujakamilika. Mkono wa juu umekaza karibu na ncha. Amemwambia mwanangu aumalizie, na asimsubiri.

Tunamuomba Allah amponye mzee wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie subira katika malezi ya watoto wetu. Mwenye kutaka kuchangia matibabu ya mzee aje tuonane madrasa, baada ya Magharibi.

Wabillahi tawfiiq.